Mita Sitini na Tatu

Mbeya, ghorofa ya pili, chumba cha ramani.
Nje, Loleza umejifunika ukungu hadi kidevuni.
Ndani ni mimi, chai ya rangi, na barabara za mikoa minne
ninazozishona ziwe shuka moja
kabla Dodoma hawajapiga simu tena.

Kila mkoa umeleta mistari kwa desturi yake.
Iringa wameandika CHANGARAWE kwa herufi kubwa, kama wanagomba.
Songwe wameandika "udongo" hata palipo na lami.
Njombe wametuma kila kitu, hadi vinjia vya wachuma chai,
na faili moja liitwalo MWISHO_KABISA_2
ambalo, nilipolifungua, lilikuwa la kwanza.

Mfumo wa taifa haujui tope.
Haujui kona ambayo utingo hushuka na jiwe mkononi.
Unauliza neno moja tu:
mstari huu, je, umeugusa ule?

Na kule juu, Kitulo, mpakani,
barabara yetu inashuka hadi kijito cha Ndulila, inakoma.
Ya Njombe inaanzia majanini, chini zaidi,
kama mgeni aliyefika siku ya miadi
akabisha mlango wa jirani.
Njia ya mwongo ni fupi, mama alizoea kusema.
Hii ilikuwa fupi kwa mita sitini na tatu.

Nikauagiza mfumo: lori la viazi, kutoka Igofi hadi Mbeya mjini.
Ukajibu bila haya: lizungukie Makambako.

Nikampigia Ezekia Tweve, mwenzangu wa Njombe.
"Sogezeni yenu."
"Sogezeni yenu ninyi."
"Sisi tulipima kwa setilaiti."
"Na sisi tulipima kwa unyasi?"
Kimya. Nilisikia mvua ikipiga bati la kwake,
na dakika kumi baadaye ikapiga la kwetu.
Yenyewe ilikuwa imepita.

Ijumaa tukakutana Ndulila.
Yeye kwa pikipiki, amelowa hadi magotini,
mimi kwa gari la ofisi, nimelowa vilevile.
Daraja: magogo matatu ya mkaratusi, msumari mmoja unaoonekana.
Mama mmoja akaja na kiroba cha pareto kichwani.
"Mmepoteza nini?"
"Barabara."
Akaitazama miguu yetu, mmoja mmoja.
"Basi msisogee."

Akatuambia hapo panaitwa Kwa Mpimaji.
Alikuja mwaka ule wa njaa ya nzige, na miguu mitatu ya chuma.
Gogo likamgeukia. Maji yakamchukua.
Akatokea kule, penye matete, kofia hana,
akamshukuru Mungu,
akatoa daftari,
akaandika: *hapa.*

Tweve alihesabu hatua hadi kwenye matete. Hakuniambia ngapi.
Alirudi akicheka, akikohoa, akicheka.

Tukasimama katikati ya magogo, kifaa juu ya kiganja,
tukingoja ukungu upungue:
setilaiti nne. Tano. Nne. Saba.

Jumatatu mistari ikagusana.
Lori la viazi: saa tatu na nusu.
Kwenye safu ya jina niliandika Kwa Mpimaji.
Mfumo ukasema: *jina halitambuliki, weka namba.*
Nikaweka namba.
Jina nikalificha chini, kwenye maelezo,
mahali ambapo hakuna mkubwa anayesoma.

Hiyo ilikuwa Januari.

Leo, katikati ya Machi, Tweve amepiga.
Hakusalimu.
"Magogo yameondoka."
"Yote?"
"Limebaki lile la msumari. Limelala penye matete."

Kwenye kioo, Mbeya na Njombe bado wameshikana mikono.
Dodoma wametupongeza kwa barua.
Igofi kuna dereva ametandika magunia sabini,
anaiuliza simu yake njia,
na simu, kwa sauti yangu ya Januari, inamwambia
nyoosha.

Nimeshika kipanya.
Kukata mstari ni kubofya mara moja.
Kuungana tena kutataka saini saba.
Mvua imefika kwenye bati letu.